Dawa ya usingizi ya hospitali na unga wa barabarani: mambo ambayo mama anapaswa kujua



Kuna mambo mawili ambayo husemwa kwa sauti ya chini katika mikutano ya mama. La kwanza ni la mama aliyepasuliwa ili azae, na alipoamka akaanza kusema kwamba aliuacha mwili wake, akapita juu ya paa, akaona watu waliokufa zamani. Jamaa wanatazamana. Mmoja anasema ni mapepo, mwingine anasema kuna mtu amemroga. La pili ni la kijana aliyekutwa amesimama kando ya ukuta, macho wazi, mate yanatoka, ukimwita haitiki, ukimfinya hasikii maumivu. Hapo pia neno la kwanza ni mapepo.

Mambo haya mawili yanaweza kuwa na mzizi mmoja, na mzizi huo si uchawi. Kuna jamii ya dawa ambayo kazi yake ni kutenganisha akili na mwili kwa muda. Wataalamu wanaziita dawa za disosiativu. Moja kati yao, ketamini, imeokoa mama wengi sana wa Kongo. Ndugu zake wengine walitengenezwa ili viuzwe kama ulevi, bila daktari na bila kipimo. Mama asiyejua tofauti anaweza kukosea mara mbili: akakataa dawa ya kumwokoa hospitalini, au akamwacha mtoto wake afe akingoja mtu wa maombi.

Ketamini ilitoka wapi

Katika miaka ya 1950, kampuni ya dawa ya Parke-Davis huko Marekani ilikuwa inatafuta dawa ya usingizi ambayo haizuii pumzi ya mgonjwa. Ilipata fensiklidini, inayojulikana pia kwa herufi PCP. Wagonjwa waliopasuliwa kwa dawa hiyo hawakusikia maumivu, lakini baadhi yao waliamka wakiwa wamevurugika, wenye hasira na maono, kwa saa nyingi. Madaktari wakaiacha kwa watu.

Mwaka 1962 mkemia Calvin Stevens alitengeneza dutu inayofanana nayo, lakini ya muda mfupi zaidi. Hiyo ndiyo ketamini. Mwaka 1964 daktari Edward Domino na mwenzake Guenter Corssen waliijaribu kwa watu kwa mara ya kwanza. Watu hao walisema walijisikia kama wanaelea angani, hawana mikono wala miguu. Jina la dawa za kutenganisha lilitokana na maelezo hayo. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliruhusu itumike hospitalini, na ikatumika sana kwa askari waliojeruhiwa katika vita ya Vietnam.

Tangu mwaka 1985 ketamini iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Sababu yake sisi wa Goma tunaielewa vizuri kuliko watu wengi. Dawa nyingi za usingizi zinahitaji mashine, umeme na oksijeni ya kutosha, kwa sababu zinapunguza pumzi na kushusha mapigo ya damu. Ketamini, ikitolewa kwa kipimo sawa, kwa kawaida inamwacha mgonjwa apumue mwenyewe, na haishushi damu yake. Ndiyo maana ni chombo cha kawaida cha madaktari wa vita wa Msalaba Mwekundu (CICR), ambao kwa miaka mingi wamesaidia upasuaji wa majeruhi katika hospitali ya CBCA Ndosho hapa mjini. Umeme ukikatika katikati ya kazi, daktari bado anaweza kuendelea.

Inafanya nini ndani ya kichwa

Ubongo unafanya kazi kwa ujumbe. Sehemu moja inatuma, nyingine inapokea. Mmoja wa wajumbe wakubwa anaitwa glutameti, na moja ya milango anayopitia inaitwa kipokezi cha NMDA. Ketamini na ndugu zake wanaziba mlango huo. Habari za maumivu kutoka mwilini hazifiki vizuri pale zinapoeleweka. Macho yanaweza kuwa wazi, mdomo unaweza kutikisika, lakini mwenyewe hayupo pale. Ubongo, ukikosa habari za mwili wake, unajitungia picha. Ndizo zile safari za juu ya paa.

Kwa sindano ya mshipa, usingizi unakuja kwa muda wa dakika moja hivi, na kipimo kimoja kinadumu dakika tano hadi kumi. Kisha mtu anarudi polepole. Wengine wanarudi wakilia, wengine wakiimba, wengine wakiogopa. Maneno ya ajabu ya saa ya kuamka yanapita yenyewe. Mama huyo anahitaji chumba kisicho na makelele, mtu anayemfahamu wa kumshika mkono na kumwambia yuko wapi, na mtoto wake akiwa salama karibu. Hahitaji kupigwa wala kushutumiwa.

Dawa hiyo hiyo, mtu akiitumia mara kwa mara bila ugonjwa, inaharibu mwili. Tangu mwaka 2007 madaktari wa sehemu mbalimbali za dunia wameandika juu ya vijana wanaotumia ketamini kama ulevi ambao kibofu chao cha mkojo kimeharibika: wanakwenda kukojoa kila mara, wanasikia moto, wanakojoa damu. Wengine kibofu kinakauka na kusinyaa kabisa. Kumbukumbu inapungua, na mtu anashindwa kuacha. Tena, asiyesikia maumivu hajui kwamba ameungua au amevunjika. Akiwa kando ya ziwa, anaweza kuzama katika maji ya magoti. Akichanganya na kanyanga, vileo vya sashe au vidonge vya usingizi, pumzi yake inaweza kusimama, au akatapika na matapishi yakaingia katika mapafu.

Hayo hayahusu sindano moja ya upasuaji. Mama aliyepewa ketamini siku ya kuzaa hawi mtumwa wa dawa kwa ajili ya siku hiyo.

Ndugu zake waliobuniwa

Mfikirie mtu aliyekatazwa kuuza mandazi ya pembe tatu. Kesho yake anakata unga ule ule kwa umbo la duara, anayaita jina lingine, anarudi sokoni. Akiulizwa, anasema: "Mlikataza yale, haya si yale." Ndivyo wanavyofanya watengenezaji wa dawa za kubuniwa. Wanachukua dutu iliyowekewa sheria, wanabadilisha kipande kidogo cha umbo lake, kisha wanaiuza kama kitu kipya ambacho sheria haijakitaja.

Mfano unaojulikana sana ni methoksetamini, ndugu wa ketamini. Haikutoka hospitalini, na haijawahi kukubaliwa kuwa dawa ya kutibu watu. Mwaka 2010 Uingereza iliitaarifu Ulaya kwamba imeonekana sokoni. Iliuzwa kwa njia ya intaneti, katika pakiti zenye maandishi ya kwamba si ya kuliwa na watu, ili muuzaji ajitetee. Wauzaji walieneza habari kwamba ni ketamini isiyoharibu kibofu. Watafiti walipoijaribu kwa panya, walikuta kibofu na figo zimeharibika.

Hatari yake nyingine ni mwendo wake. Inachelewa kuanza, wakati mwingine zaidi ya saa moja. Kijana anaona haijamfanya kitu, anaongeza. Kisha vipimo viwili vinamkuta pamoja, na vinadumu kwa saa nyingi kuliko ketamini. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watu walioletwa hospitalini wakishindwa kusimama wala kutembea sawasawa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili ilikuwa imeguswa. Ulaya ilipofanya hesabu, ilipata vifo 20 vilivyohusishwa na dutu hiyo, mara nyingi ikiwa pamoja na dawa nyingine.

Kinshasa na bombé

Mtu atauliza, mambo ya Ulaya yanatuhusu nini? Tutazame nchini mwetu. Mwaka 2021 Kinshasa ilishtuka kwa ulevi uitwao bombé. Vijana walikuwa wanasaga kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi ya gari, wanachanganya unga wake na vidonge, hasa vya usingizi na vya kutuliza, kisha wanavuta pamoja na tumbaku. Watu waliona vijana wamesimama barabarani wameinama, hawaendi mbele wala nyuma, kwa muda mrefu. Wizi wa vifaa vya ekzosi ukaongezeka. Mwezi wa nane wa mwaka huo Rais Félix Tshisekedi alilizungumzia jambo hilo na kutaka lishughulikiwe haraka, na polisi ya Kinshasa ikaonyesha hadharani karibu watu mia moja waliokamatwa kwa kuuza au kutumia bombé.

Bombé si ndugu wa ketamini kwa kemia. Kile kifaa cha ekzosi ni udongo wa kuchomwa uliopakwa madini kama platini na paladi. Madini hayo si dawa ya usingizi; vidonge vinavyochanganywa ndani ndivyo vinavyojulikana kwa kulaza. Unga wa madini unachojulikana kufanya ni kuumiza mapafu. Lakini njia ya bombé ni ile ile ya dawa za kubuniwa: kitu kisichotajwa na sheria, jina jipya la kuvutia, na kijana anayefanywa panya wa majaribio. Na simu ya mtoto wako inamwonyesha Kinshasa kila siku. Hapa kwetu tayari tunajua maibobo wanaonusa kole na vijana wanaokunywa vidonge bila kujua majina yake. Mlango uko wazi kwa chochote kitakachokuja.

Sheria inasema nini

Dunia ina mikataba ya kushika dawa za kulevya. Ule wa mwaka 1971, ambao Kongo nayo imeuingia, una orodha nne za dutu zinazogusa akili. Fensiklidini iko katika orodha ya pili. Diazepamu, kidonge cha kutuliza kinachojulikana sana katika famasi zetu, iko katika orodha ya nne: inaruhusiwa, lakini kwa karatasi ya daktari.

Ketamini haimo katika orodha hizo. Mwaka 2015 China iliomba iingizwe, kwa sababu vijana wake wengi walikuwa wanaitumia vibaya. Wataalamu wa OMS walikataa. Walisema kwamba katika nchi maskini na zenye vita, mara nyingi hakuna dawa nyingine ya usingizi inayofaa, na kuifunga kungewanyima wagonjwa upasuaji. Hoja hiyo ilikuwa inawahusu mama kama sisi. Kila nchi bado ina uhuru wa kuiwekea sheria zake: Marekani iliiweka chini ya ulinzi mwaka 1999, na Uingereza ilikaza sheria yake mwaka 2014. Lakini ketamini kutokuwemo katika orodha ya dunia si ruhusa ya kuiuza barabarani. Ni dawa ya hospitali, inayotolewa na mtu aliyejifunza kazi hiyo.

Methoksetamini ilipita njia nyingine. Mwezi wa nne 2012 Uingereza iliikataza kwa amri ya muda, ikiwa dutu ya kwanza kukatazwa kwa njia hiyo mpya. Mwaka 2013 katazo likawa la kudumu, mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukafuata, na mwezi wa tatu 2016 Umoja wa Mataifa uliiingiza katika orodha ya pili ya mkataba wa 1971. Hesabuni wenyewe: kutoka 2010 hadi 2016 ni miaka sita. Kwa miaka hiyo, katika nchi nyingi, muuzaji aliweza kusema kwamba bidhaa yake haijakatazwa. Na ndugu zake wengine walikuwa wanaandaliwa: mmoja wao, aliyetokana na fensiklidini, aliingizwa katika orodha mwaka 2021. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Mama, hii si haramu," jibu ni kwamba sheria inafika nyuma. Kutokatazwa hakumaanishi kwamba kuna mtu amekipima.

Kuna pia sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Kila mama aijue. Kwa sheria hiyo, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kumtumia mtoto katika kutengeneza au kuuza dawa za kulevya kunahesabiwa kati ya kazi mbaya kabisa ambazo mtoto hapaswi kufanyishwa. Mtu mzima anayemtuma mwanao kupeleka pakiti ndiye mkosaji wa kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na wa miaka 14 hadi 18 anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu wa watoto, si mahakama ya watu wazima, wala kufungwa pamoja nao. Mtoto akikamatwa, mama achukue karatasi inayoonyesha umri wake, hata kadi ya chanjo, afike haraka, asiende peke yake.

Dalili za kutazama

Macho yanayochezacheza upande huu na huu. Kutembea kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Kuongea polepole au kunyamaza huku anakodoa. Kutosikia maumivu, kuwa na majeraha ambayo hajui yametoka wapi. Kusahau mambo ya jana. Kwa anayetumia muda mrefu: kukojoa mara nyingi, kwa maumivu, au mkojo wenye damu.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Malaria ya ubongo, kifafa, sukari, homa kali ya ubongo na pigo la kichwa vinaweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizi. Mtoto asiyejielewa apelekwe kupimwa kwanza. Maswali ya wapi na nani yafuate baadaye.

Ukimkuta hajielewi

Mwite kwa jina. Akipumua lakini haamki, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinama kidogo chini ili matapishi yatoke. Mwondoe karibu na moto, maji na barabara. Usimpe maziwa, mafuta, chumvi wala maji. Usimtapishe. Usimmwagie maji baridi wala kumpiga makofi. Akiwa ameamka na anaogopa, zungumza naye kwa upole, punguza watu na makelele, usimfunge kamba.

Kimbia hospitalini mara moja ikiwa pumzi ni za polepole au zinakatika, midomo inageuka rangi, anatetemeka kwa degedege, mwili unawaka moto sana, anashika kifua, au haitiki kabisa. Tafuta gari. Ikiwa ni moto tu inayopatikana, mtu mzima akae nyuma yake amshike vizuri na kuinua kichwa chake. Chukua pakiti, kidonge au unga uliobaki, umpe muuguzi. Mwambie kweli yote unayoijua. Muuguzi anaitaka habari hiyo ili achague matibabu.

Kwa kijana anayeshindwa kuacha, Goma ina kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo. Kutumia dawa mpaka kushindwa kuacha ni ugonjwa unaotibiwa. Kumfukuza kijana katika lupango usiku kunampeleka moja kwa moja kwa yule anayemuuzia.

Hospitalini, uliza, usikatae

Mama anayekwenda kupasuliwa ana haki ya kuuliza atapewa dawa gani. Mara nyingi kwa kuzaa hutumika sindano ya mgongo, naye anabaki macho. Lakini akiwa amepoteza damu nyingi au hali ni ya haraka, ketamini inaweza kuwa ndiyo itakayomfikisha kesho. Kabla ya sindano, aseme kama ana mapigo ya juu ya damu, kama mimba ilimletea kuvimba na degedege, kama ana ugonjwa wa moyo au aliwahi kuugua akili, na lini alikula au kunywa kwa mara ya mwisho. Jamaa atakayemngoja aambiwe mapema kwamba mgonjwa anaweza kuamka na maneno ya ajabu, ili asiwe wa kwanza kupiga kelele za mapepo.

Katika mkutano ujao wa likelemba, kila kikundi kitenge nusu saa kwa mambo matatu. Kwanza, kila mama ataje famasi anayoijua inayowauzia watoto vidonge bila karatasi, kisha kikundi kimpelekee shefu wa avenue habari hiyo kwa pamoja, asiende mama mmoja peke yake. Pili, tufanye zoezi la kumlaza mtu kwa ubavu, mmoja akijifanya mgonjwa, mpaka kila mmoja wetu aweze. Tatu, tuandike ndani ya daftari la kikundi namba za watu wawili wenye gari katika kartie wanaokubali kuamshwa usiku.